Saa, jicho la bingwa, vihisi au mtambo: namna nne za kupima ustadi wa upasuaji wa matundu madogo katika chumba cha mazoezi

Mkufunzi wa upasuaji wa matundu madogo akishapata sanduku la mazoezi linaloigiza tumbo la mgonjwa, kamera na seti mbili tatu za vifaa, huja kugundua kwamba sehemu ngumu bado haijaanza. Madaktari wanaosomea ubingwa watakuja kufanya mazoezi, mikono itazoea na miezi itapita, lakini atajuaje kwamba huyu ameiva kiasi cha kukabidhiwa vifaa mbele ya mgonjwa na yule bado? Kumtazama mtu na kusema kwamba anaendelea vizuri kulitosha zamani, wakati mwanafunzi alipokaa chini ya mwalimu mmoja kwa miaka kadhaa. Hakutoshi pale ambapo wanafunzi ni wengi, walimu wanapokezana zamu, na cheti kinachotolewa kitasomwa na hospitali nyingine isiyomjua mwenye cheti.

Upasuaji huu una ugumu wake wa pekee. Vifaa virefu hupitishwa kwenye matundu yenye upana wa milimita chache, na kwa kuwa ukuta wa tumbo ndio egemeo, mkono ukienda kulia ncha ya kifaa huenda kushoto. Picha huonekana bapa kwenye skrini, kwa hiyo kina hukisiwa badala ya kuonwa, na hisia ya kugusa nyama hupungua sana. Mambo haya yote huweza kuzoewa nje ya chumba cha upasuaji, na kwa sababu hiyo hiyo huweza kupimwa huko. Njia zinazotumika naziweka katika makundi manne: alama za muda na makosa, fomu za alama zinazojazwa na mtazamaji, vipimo vya mwendo na nguvu vinavyochukuliwa na vihisi, na alama zinazotolewa na mitambo ya uhalisia pepe, yaani kompyuta zinazoigiza upasuaji kwenye skrini. Kila moja ina watetezi wake, na si ajabu kuwasikia wakibishana kana kwamba wote wanapima kitu kimoja.

Vigezo vya kulinganishia

Mwaka 1996 Cees van der Vleuten, mtaalamu wa elimu ya udaktari wa Maastricht nchini Uholanzi, alipendekeza kwamba manufaa ya mtihani yatazamwe kwa mambo matano: uhalali, uthabiti, athari yake katika kujifunza, kukubalika kwake kwa wahusika, na gharama. Kwake mambo hayo yanazidishana, hayajumlishwi, kwa hiyo kimoja kikiwa sifuri vingine haviwezi kukiokoa. Nimeyatumia hapa kwa kuyapunguza kidogo na kuongeza moja.

Kwanza ni uhalali, yaani iwapo alama inatueleza kweli kile tunachotaka kujua kuhusu mtu huyu. Hapa inafaa kuwa mkali. Tafiti nyingi za vipimo hivi huishia kuonyesha kwamba mabingwa walipata alama nzuri kuliko wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kisha zikahitimisha kwamba kipimo ni halali. Ushahidi huo ni dhaifu, kwa sababu bingwa na mwanagenzi hutofautiana kwa mambo mengi, pamoja na umri na mvi, na hakuna anayedai kwamba mvi ni kipimo cha ustadi. Swali lenye uzito ni kama kipimo kinawatenganisha wawili walio karibu, na kama alama ya chumba cha mazoezi inaendana na kinachotokea kwa mgonjwa.

Pili ni uthabiti: wapimaji wawili watatoa alama zinazokaribiana, na mtu yuleyule akipimwa tena wiki ijayo bila mazoezi ya ziada atapata alama ileile? Kwa mtihani wa kumruhusu au kumzuia mtu, wengi hutaka kiwango cha 0.8 au zaidi katika kipimo kinachoishia 1. Kwa mrejesho wa kila siku, kiwango cha chini yake kinavumilika. Tatu ni mrejesho, yaani kama mwanafunzi akishaona alama zake anajua la kufanya kesho. Nne ni gharama, na hapa naomba saa za bingwa zihesabiwe pamoja na fedha, kwa kuwa katika hospitali nyingi za kufundishia za ukanda wetu muda wa bingwa ndio kitu adimu kuliko vyote. Tano, ambalo nimeliongeza, ni urahisi wa kipimo kuzoeleka, kwani mtu hujifunza kile anachopimwa, na kipimo kikiwa chembamba huweza kumfunza kufaulu bila kumfunza kazi.

Njia ya kwanza: alama za muda na makosa

Mfano unaojulikana zaidi ni programu ya FLS ya Marekani (Fundamentals of Laparoscopic Surgery, yaani misingi ya upasuaji wa matundu madogo), iliyoandaliwa na chama cha madaktari wa upasuaji cha SAGES na kuanza kutolewa mwaka 2004. Mizizi yake iko Montreal, Kanada, ambako Gerald Fried na wenzake wa Chuo Kikuu cha McGill walibuni mfumo ulioitwa MISTELS na kuuchapisha mwaka 1998. Mazoezi yaliyobaki katika FLS ni matano: kuhamisha vipande vidogo kutoka kijiti hadi kijiti, kukata duara lililochorwa kwenye gozi, kufunga kitanzi kilichotengenezwa tayari, kushona na kufunga fundo kutoka nje, na kushona na kufunga fundo ndani ya sanduku. Bodi ya Upasuaji ya Marekani ilianza kuidai programu hii kwa madaktari wanaotaka kuthibitishwa ubingwa katika kipindi cha 2010, jambo lililoifanya kuwa kipimo cha chumba cha mazoezi chenye uzito mkubwa kuliko vyote.

Kanuni ya MISTELS ni nyepesi. Kila zoezi lina ukomo wa muda, kwa mfano sekunde 300 kwa kuhamisha vipande na sekunde 600 kwa fundo la ndani. Muda uliotumika hutolewa kutoka kwenye ukomo huo, kisha makosa hutolewa pia. Kipande kilichodondoka mahali kisipoweza kufikiwa ni kosa. Mkasi ukitoka nje ya mstari wa duara, eneo lililopotoka hupimwa. Katika kushona, umbali kati ya sindano ilipoingia na alama iliyochorwa hupimwa kwa milimita, pengo lililoachwa wazi huhesabiwa, na fundo huvutwa kuona kama linateleza. Uzuri wa zoezi la fundo uko hapo: mpimaji anabaki na ushahidi mkononi. Kipande cha mpira kilichoshonwa kinaweza kugeuzwa, kuvutwa na kuwekwa mezani mbele ya mwanafunzi, naye akaona kwamba fundo alilolisifu kwenye skrini linafunguka kwa kidole.

Kwa upande wa uhalali, njia hii ina ushahidi bora kuliko inavyofikiriwa na wanaoiona ya kizamani. Watu wa McGill walifanya jaribio la kuwagawa wanafunzi kwa nasibu, lililochapishwa mwaka 2010, ambapo waliofanya mazoezi ya FLS hadi kufikia kiwango walipewa alama za juu katika upasuaji halisi wa kuondoa mfuko wa nyongo kuliko wenzao. Hata hivyo, inapima mikono pekee. Haijui kama mtu anatambua mrija wa nyongo alioukaribia, wala kama anajua wakati wa kusimama na kuita msaada. FLS yenyewe huliziba pengo hilo kiasi kwa mtihani wa maarifa wa kompyuta.

Uthabiti ndio nguvu yake. Tathmini ya MISTELS ya mwaka 2006 ilionyesha kwamba makubaliano ya wapimaji, kurudiwa kwa jaribio na uwiano wa mazoezi yenyewe vyote vilivuka 0.85, na makubaliano ya wapimaji yalikaribia kabisa 1, jambo lisiloshangaza kwa sababu saa haina upendeleo. Gharama ni ndogo. Sanduku linaweza kutengenezwa kwa plastiki au hata boksi gumu la karatasi lenye kamera ya kompyuta, na mpimaji si lazima awe bingwa. Muuguzi au fundi wa maabara aliyefundishwa vizuri anaweza kuhesabu sekunde na milimita. Katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mafunzo ya aina hii kwa sanduku la gharama nafuu yalifanyiwa tathmini iliyochapishwa mwaka 2014, na ustadi wa washiriki uliongezeka. Botswana nayo ilishiriki katika jaribio lililochapishwa mwaka 2010, ambapo wakufunzi wa Toronto waliwafundisha madaktari wa huko kupitia intaneti, sanduku kwa sanduku; waliofundishwa hivyo walifaulu wote, ilhali kati ya waliojifunza wenyewe, waliofaulu hawakufikia nusu.

Mrejesho ndio udhaifu wake. Mwanafunzi anaambiwa kwamba ametumia sekunde 140 na kosa moja. Haambiwi kwa nini. Kipimo hiki pia huzoeleka upesi, hasa zoezi la vipande, ambalo mtu huweza kulikariri kama ngoma bila kuwa amejifunza kuutumia mkono wa kushoto kwa jambo lingine lolote. Dawa iliyopatikana ni kuweka kiwango cha bingwa badala ya alama ya kufaulu tu: katika mtaala wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007, zoezi la vipande lilitakiwa kufanywa kwa sekunde 48 bila kosa, mara mbili mfululizo, kisha mara kumi nyingine, na fundo la ndani kwa sekunde 112. Kurudia huko kunamzuia mwenye bahati ya siku moja.

Njia hii humfaa mkufunzi mwenye wanafunzi wengi na mabingwa wachache, anayehitaji kizingiti cha wazi kabla ya mtu kuingia chumba cha upasuaji. Haimfai anayetaka kujua kwa nini mwanafunzi wake amekwama.

Njia ya pili: fomu ya alama na jicho la bingwa

Mwaka 1997 kundi la Toronto, likiwa na Richard Reznick, lilichapisha mfumo wa OSATS. Kiini chake ni fomu yenye vipengele saba, kila kimoja kikipewa alama 1 hadi 5: kuheshimu nyama, muda na mwendo, ushikaji wa vifaa, kuvijua vifaa, kuwatumia wasaidizi, mtiririko wa kazi, na ujuzi wa upasuaji husika. Jumla ya juu ni 35. Kwa upasuaji wa matundu madogo, McGill walikuja mwaka 2005 na fomu ya GOALS yenye vipengele vitano: kukadiria kina, kutumia mikono miwili kwa pamoja, ufanisi, kushika nyama kwa upole, na kujitegemea. Jumla yake ni 25.

Tofauti na saa, fomu hizi hueleza namna kazi ilivyofanyika. Wachukue wanafunzi wawili waliomaliza kushona kwa muda uleule. Wa kwanza alishika sindano kwa pembe mbaya, akaipitisha kwa kuisukuma, akauvuta mpira hadi ukanyanyuka kutoka kwenye kitako chake, kisha akafunga fundo haraka kufidia. Wa pili alitumia muda mwingi kuipanga sindano mdomoni mwa kishikio, akaizungusha kwa kifundo cha mkono, mpira haukutikisika. Saa inawapa alama sawa, na kama milimita zao zinalingana, makosa nayo yatalingana. Fomu ya GOALS inawatenganisha katika vipengele viwili, na bingwa yeyote aliyewatazama angejua ni yupi angemwachia utumbo.

Uhalali wake unaungwa mkono na ushahidi ambao njia nyingine bado zinautamani. Mwaka 2013 John Birkmeyer na wenzake wa Michigan walichapisha utafiti wa mabingwa 20 wa upasuaji wa unene uliopitiliza, ambao video zao zilipewa alama na mabingwa wenzao kwa fomu iliyotokana na OSATS. Robo ya waliopata alama za chini ilikuwa na matatizo baada ya upasuaji kwa asilimia 14.5 ya wagonjwa. Robo ya juu, asilimia 5.2. Hao walikuwa mabingwa kazini, hawakuwa wanafunzi kwenye sanduku, lakini utafiti huo ulionyesha kwamba kile jicho la mwenzako linachokiona kwenye video kina uhusiano na kinachompata mgonjwa.

Uthabiti ndio unaotaka kazi. Bingwa mmoja hutoa 3 kwa kitu ambacho mwenzake anakipa 4, mwingine hawezi kumpa mtu 1 kwa kuona haya, na mwanafunzi anayependwa hupandishwa vipengele vyote kwa pamoja. Kuna tiba zinazojulikana: wapimaji wakae pamoja, watazame video zilezile tatu nne, wabishane hadi waelewane 2 ni ipi na 4 ni ipi; kisha video za mtihani zipewe namba badala ya majina. Sanduku lina bahati hapa, kwa kuwa kamera huonyesha ncha za vifaa tu, na mpimaji hana njia ya kumtambua mwenye mikono. Ninavyoona mimi, programu isiyofanya kikao hicho cha kuelewana haina haki ya kutumia fomu hizi kumfelisha mtu, hata fomu yenyewe iwe maarufu namna gani.

Gharama kwa fedha ni karatasi na wino. Kwa saa za bingwa ni kubwa, maana kila video ya dakika kumi inataka dakika kumi za mtu asiyekuwa na hata mbili, tena mara mbili ukitaka wapimaji wawili. Watafiti wa Seattle walijaribu kupeleka video kwa watu wengi wasio madaktari kupitia intaneti, na wastani wa alama zao ulikaribia wa mabingwa. Matokeo hayo yanavutia kwa kuchuja nani ahitaji kutazamwa kwanza, ingawa sidhani kama kuna mwanafunzi atakayekubali kufelishwa na umati. Kwa mrejesho, njia hii haina mpinzani: kipengele chenye alama 2 tayari ni mada ya mazungumzo. Kuzoeleka kwake pia ni kugumu, kwa sababu ni shida kuigiza upole wa mikono bila kuwa nao.

Inamfaa mwenye mabingwa walio tayari kufundishwa kupima, na mwanafunzi aliyevuka kizingiti cha awali anayetaka kusogea kutoka kuweza hadi kuweza vizuri.

Njia ya tatu: vihisi vya mwendo na nguvu

Katika Chuo cha Imperial, London, chini ya Ara Darzi, kulibuniwa kifaa kilichoitwa ICSAD ambacho hubandika vihisi vya sumaku-umeme mgongoni mwa mikono na kuhesabu umbali uliosafiriwa, idadi ya miondoko na muda. Baada yake zikaja njia nyingi: kamera zinazofuata alama za rangi kwenye vifaa, vihisi vya kasi vinavyofungwa kwenye kishikio, na programu za akili mnemba zinazofuata ncha ya kifaa kwenye video bila kubandika chochote. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi, kikashughulikia upande mwingine, yaani kupima nguvu inayowekwa kwenye kitu kinachoshonwa.

Kinachopimwa ni kweli na kina maana: bingwa husafiri umbali mfupi, hufanya miondoko michache na laini, na hasitisiti. Uhalali unaanza kuyumba pale namba hizo zinapotafsiriwa. Umbali mfupi unaweza kumaanisha ufanisi, na unaweza kumaanisha kwamba mkono wa kushoto ulishika kitu ukakaa hapohapo muda wote bila kusaidia. Mwendo wa polepole ni dosari katika kuhamisha vipande na ni sifa katika kupitisha sindano karibu na mshipa. Kwa nguvu hali ni nzuri zaidi, kwa kuwa nyama iliyovutwa kupita kiasi huchanika, na kilele cha nguvu kinaeleza jambo ambalo jicho kwenye skrini bapa hulikosa. Kama ningelazimika kununua kihisi kimoja tu, kingekuwa cha nguvu.

Uthabiti kwa maana ya mashine ni mkubwa: mtu yuleyule, mwendo uleule, namba ileile. Lakini idadi ya miondoko hutegemea kizingiti ambacho programu imewekewa, yaani ni kasi gani ihesabiwe kuwa mwondoko mpya, na kubadilisha kizingiti kunabadilisha hesabu. Kwa hiyo namba za kituo kimoja hazilinganishwi na za kingine isipokuwa vifaa, zoezi na mipangilio vimefanana. Vihisi vya sumaku-umeme, zaidi ya hayo, husumbuliwa na chuma kilicho karibu, na chumba cha mazoezi ya upasuaji kimejaa chuma.

Gharama imeshuka sana kwa njia za kamera. Kinachobaki ghali ni mtu wa kuvitunza vihisi na kuzisoma data, na kituo kisicho na mtu huyo hujikuta na jedwali ambalo hakuna anayelifungua. Mrejesho ni wa papo hapo lakini ni bubu: mwanafunzi anaambiwa kwamba mkono wake wa kulia umesafiri mita nyingi kupita kiwango, naye hajui aupunguzie wapi. Namba hiyo huwa na faida ikichorwa kwa wiki kadhaa, kwa sababu mstari unaoacha kushuka huonyesha kwamba mazoezi yaleyale hayamsaidii tena.

Inavifaa vituo vya utafiti, wabunifu wa mitaala, na mwalimu anayetaka kufuatilia mwanafunzi mmoja kwa muda mrefu. Kwa kumpasisha au kumfelisha mtu, ushahidi wake peke yake bado haujafika hapo.

Njia ya nne: mitambo ya uhalisia pepe

Mtambo wa MIST-VR ulitangulia, na mwaka 2002 timu ya Neal Seymour huko Yale ilichapisha jaribio dogo lililobadilisha mjadala wote. Madaktari 16 waligawanywa: nusu walifanya mazoezi kwenye mtambo hadi kiwango cha bingwa, nusu hawakufanya. Kisha wote walishiriki kuutenganisha mfuko wa nyongo na ini kwa wagonjwa halisi. Waliotumia mtambo walikuwa wepesi kwa asilimia 29, na wale wengine walielekea mara tano zaidi kuujeruhi mfuko wa nyongo au kuchoma nyama isiyolengwa. Tangu hapo zimekuja LapSim ya Sweden, LAP Mentor na nyinginezo, zenye mazoezi ya msingi na hata upasuaji kamili wenye damu na ute.

Uhalali, basi, una ushahidi wa chumba cha upasuaji tangu mwanzo, ingawa ikumbukwe kwamba jaribio hilo lilithibitisha mazoezi yanayoongozwa na alama, jambo ambalo si sawa na kuithibitisha kila alama inayochapishwa na kila mtambo. Uthabiti ni wa kompyuta: kila mwanafunzi hupewa tumbo lilelile, na damu huvuja sekunde ileile. Hilo sanduku haliwezi kulitoa kamwe. Mtambo pia huona visivyoonekana, kama vile kifaa kilichokwenda nje ya picha na kugusa ini wakati mwenye nacho anatazama kwingine.

Mrejesho ni mwingi, wakati mwingine kupita kiasi. Ukurasa wa matokeo wenye mistari thelathini humchanganya mwanafunzi, na inafaa mkufunzi achague mitatu minne ya kufuatilia. Hisia ya kugusa katika mitambo mingi haipo au ni ya kubuni, hivyo ushikaji wa nyama kwa upole hupimwa kwa hesabu ya programu na si kwa ukinzani wa kweli. Wapo wanaozoea mtambo kama mchezo wa kompyuta, wakijua hasa programu inachokiadhibu na kisichoadhibiwa.

Gharama haifichiki. Mtambo kamili hununuliwa kwa makumi ya maelfu ya dola, ukiongeza leseni za programu, matengenezo, na fundi ambaye mara nyingi yuko nchi nyingine. Kwa upande wa pili, hauhitaji bingwa akae pembeni, wala nyuzi, gozi na mipira inayoisha kila wiki. Kituo kikubwa chenye wanafunzi makumi kadhaa kwa mwaka kinaweza kuona hesabu inakubali. Kituo chenye wanafunzi wanne na umeme wa kubahatisha hakitaiona.

Kwa hali yako

Kama wewe ni mkufunzi wa hospitali ya rufaa yenye sanduku moja au mawili na mabingwa wawili walioelemewa, anza na muda na makosa. Chagua mazoezi matatu, andika kanuni ya makosa kwenye karatasi moja ukutani, fundisha muuguzi mmoja au wawili kupima, na weka kiwango kwa kuwapima mabingwa wako mwenyewe kwenye sanduku lako mwenyewe. Sekunde 48 za Marekani zilipatikana kwa vifaa vyao na vijiti vyao. Rekodi kila jaribio la mwisho kwa simu, hata kama hakuna wa kulitazama leo.

Kama unaandaa mtihani ambao matokeo yake yatamzuia mtu kuendelea, usitegemee namba moja. Kizingiti cha muda na makosa kikifuatiwa na video mbili zilizopimwa na wapimaji wawili wasiomjua mtahiniwa ni mpango unaoweza kutetewa mbele ya mwanafunzi aliyekata rufaa. Chuo cha madaktari wa upasuaji cha kikanda, COSECSA, chenye makao yake Arusha, kinafundisha kupitia hospitali za nchi nyingi, na kwa mfumo wa namna hiyo video ina faida ya ziada kwamba mpimaji wa Nairobi anaweza kumpima mtahiniwa wa Lilongwe bila nauli ya mtu yeyote.

Kama unafundisha upasuaji mmoja maalumu, mathalani mimba iliyotunga nje ya kizazi, mazoezi ya jumla hayatakutosha. Mradi wa ALL-SAFE, unaowaunganisha madaktari wa Afrika na wenzao wa Marekani, ulitengeneza kielelezo cha gharama ndogo cha tatizo hilohilo, pamoja na sanduku rahisi na namna ya wanafunzi kupeana alama kwa video. Hapo fomu inayotaja hatua za upasuaji husika ina thamani kuliko sekunde.

Kama una mtambo wa uhalisia pepe tayari, pengine wa msaada, usiuache ukusanye vumbi kwa sababu hauna hisia ya kugusa. Utumie kwa matukio ambayo sanduku haliwezi kuyaleta, hasa kutoka damu na anatomia isiyo ya kawaida, na umalizie mafunzo ya kushona kwenye sanduku. Kama huna, na mfadhili anakuuliza unataka nini, fanya hesabu ya matengenezo ya miaka mitano kabla ya kumjibu, kisha uilinganishe na bei ya masanduku kumi, nyuzi za kutosha na posho ya wapimaji.

Na kama wewe ndiwe mwanafunzi, huna mkufunzi wa kila siku na sanduku lako liko chumbani kwako, pima muda kwa simu, hesabu makosa bila huruma, na kila mwisho wa juma jitazame kwenye video ukiwa na fomu ya GOALS mkononi, ukianza na kipengele cha mikono miwili, kwa kuwa mkono wa kushoto uliolala ndio unaoonekana upesi kuliko kosa lingine lolote. Video moja kwa mwezi mtumie bingwa unayemwamini, na umwombe alama za vipengele, asikupe pongezi.